Kasi ya Redio ya Baba

Nimestaafu kupiga ngoma nikiwa na umri wa miaka ishirini na saba. Najua mtacheka. Baba yangu anakaribia miaka sitini na bado anachonga twiga kila siku, na juzi aliponisikia nikilitumia neno "kustaafu" aliweka patasi chini akaniuliza kama nitakuwa nikipanga foleni ya pensheni. Lakini kifundo cha mkono wangu wa kulia kimekataa kabisa. Daktari amesema nikiendelea nitakuwa mtu wa kushika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Na nyinyi wadogo zangu mliochukua vyombo vyetu mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyoanza. Nimeandika, nikachana, nikaandika tena, nikachana. Hii mnayosoma nayo ina makosa, ila karatasi zimeisha.

Habari za malipo sitazigusa. Malipo mengi yalikuwa chai na mandazi, na mandazi mengine yalikuwa ya jana. Habari za umaarufu pia nitaziruka, maana zikianza hapa zitaishia hapa. Nitawaeleza jinsi tulivyojifunza, vyombo tulivyotumia, na arusi moja iliyotaka kutumaliza.

Tulikuwa watatu. Ndugu yangu Musyoka alipiga gitaa. Jirani yetu Wanjala aliimba na kupiga besi. Mimi, Mwende, nilikuwa nyuma yao na ngoma, mahali ambapo mtu mwenye wasiwasi kama mimi anaweza kuona makosa ya kila mtu. Tulikaa Makongeni, kwenye nyumba za reli, kwa sababu mama yetu alikuwa karani huko. Ukuta uliotutenga na kina Wanjala ulikuwa mwembamba hivi kwamba mama yake, Mama Nafula, akikaanga vitunguu, sisi ndio tuliotoa machozi.

Siku yangu ya kwanza kazini sikuwa nimeomba kazi. Musyoka na Wanjala walikuwa nyuma ya nyumba, kati ya kamba za kuanikia nguo, wanajaribu wimbo. Niliwasikia nikiwa jikoni na nikashindwa kuendelea kuosha vyombo, kwa sababu kila mmoja alikuwa anaanza wakati wake na kumaliza wakati wake. Nikatoka kwenda kuwaambia. Wanjala akanipa vijiti viwili vya kuni, akageuza karai la mama yake, akasema, "Basi tuonyeshe, madam." Nikawaonyesha. Nilirudi jikoni jioni nikiwa mpiga ngoma, na vyombo bado vichafu.

Hakuna aliyetufundisha. Mwalimu wetu alikuwa kaseti moja tu, na hapo ndipo mambo yote yalipoanzia, kwa hiyo naomba mnisikilize vizuri. Binamu yetu alikuwa dereva wa familia fulani ya wageni, na walipohama wakamwachia vitu vidogo vidogo, pamoja na kaseti isiyokuwa na jina. Karatasi yake ilikuwa imebanduka. Tuliitia kwenye redio ya Baba, redio nyeusi iliyowahi kuanguka kutoka juu ya kabati na kupelekwa kwa fundi. Fundi alibadilisha mota, akasema sasa ni kama mpya. Taarifa za habari zilitoka sawasawa, na Baba akaridhika. Kaseti hakuwa nazo.

Sasa sikieni kilichotoka tulipoifungulia kaseti ile sauti mpaka mwisho. Ngoma zilikimbia kama mtu aliyeona nyoka chooni. Magitaa yalikwaruza, yalinguruma, kama pikipiki inayokataa kuwaka. Na juu ya hayo yote kulikuwa na kijana mwenye sauti nyembamba, anaimba Kiingereza haraka hivi kwamba hata Wanjala, aliyepata alama nzuri za Kiingereza shuleni, hakushika neno. Lakini muziki wenyewe ulikuwa mtamu. Ulikuwa unakushika tumboni na kukuchekesha kwa wakati mmoja. Tuliisikiliza pande zote mbili tukiwa tumesimama. Wanjala akasema, "Manze, hawa ndio sisi."

Mimi nina ugonjwa wa kutaka kitu kiwe vile kinavyotakiwa kuwa. Nikiwa mdogo nilikuwa naweza kupanga viatu vya wageni mlangoni kwa ukubwa. Kwa hiyo niliamua tutapiga kama kaseti, kasi ile ile, si zaidi, si pungufu. Nilikaa mbele ya redio ya Baba mchana baada ya mchana nikipiga mto wa kulalia kwa vijiti hadi mto ukatoa sufi. Nilifunga vifundo vya mikono kwa vitambaa. Nikipitwa na kaseti hata kidogo, nilirudisha mwanzo. Mama alisema angetamani ningekuwa nasali hivyo.

Vyombo vilitupa shida zake. Gitaa la Musyoka alilichonga Baba mwenyewe kwa mti wa muhugu, kwa sababu ndio mti aliokuwa nao. Lilikuwa zuri, na zito kama kigoda cha chifu. Kwenye kichwa cha gitaa, pale panapokaa funguo za kukazia nyuzi, Baba aliweka kichwa cha twiga, na masikio yake na vipembe vyake. Musyoka alipomuuliza kwa nini, Baba aliutazama mkono wake kama mtu anayeutafutia sababu, akasema, "Umefika hapo ukajiendea." Alikuwa amechonga twiga wa kuuzia watalii miaka mingi, na kitu chochote chenye shingo ndefu mkononi mwake kiliishia hivyo.

Mimi ngoma ndogo nilipewa na kanisa letu ilipopasuka, nikaitia ngozi mpya. Ngoma kubwa ilikuwa pipa la plastiki. Matoazi yalikuwa mifuniko ya sufuria, na hapa nawapa ushauri wa kitaalamu: mfuniko mwembamba hulia vizuri kuliko mzito, na ulio na kishikio kilicholegea una sauti ya ziada ambayo hamtaipata dukani. Nilizunguka kwa wauza vyombo nikigonga mifuniko kwa kijiti, nikiinamisha sikio, nikigonga tena. Mama mmoja alinivumilia kwa muda mrefu sana, kisha akaninyang'anya. "Dada," akasema, "hii ni ya kupika, si ya kupiga." Nilinunua kwa wa pili.

Tatizo kubwa lilikuwa nyuzi. Ili gitaa lilingane na kaseti ilibidi Musyoka akaze funguo kupita kiasi, mpaka twiga akaanza kuinama, na nyuzi zikawa zinakatika kila siku. Tulitumia waya wa breki za baiskeli. Wanjala naye ilibidi aimbe juu sana kumfikia yule kijana wa kwenye kaseti. Mishipa ya shingo ilimtoka, macho yakawa mekundu. Alikuwa kibarua katika kiwanda cha sabuni, amezoea kuwapigia watu kelele juu ya mashine, vinginevyo asingeweza. Na kwa kuwa mimi sikukubali gitaa letu litoe sauti safi wakati la kaseti linakwaruza, Musyoka alichukua wembe akachana spika ya kipaza sauti chetu. Ilikuwa spika ya pekee tuliyokuwa nayo. Ilikwaruza sawasawa na ile ya kaseti, na nilifurahi hata nikatoa chozi. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza ni nani aliyechana spika ya yule mwingine.

Maneno ya Kiingereza tuliyaacha. Wanjala alitunga yake kwa Kiswahili, juu ya mambo tuliyoyajua. Wimbo wetu mkubwa uliitwa "Maji Yamekatika", na kiitikio chake kilikuwa hiki:

*Maji yamekatika, sabuni iko machoni,*
*nani amefunga mfereji, ajitokeze bombani.*

Si mashairi makubwa, lakini Makongeni kila mtu alikuwa ameshakutwa na jambo hilo.

Nilipata pia mlezi wa kazi. Mzee Tom alikuwa bawabu wa ghala moja karibu na kwetu, na enzi zake alikuwa amepiga ngoma kwenye bendi za mahoteli, akivaa tai. Alinifundisha kushika kijiti kama mtu anayeshika kifaranga, asimwache na asimnyonge. Alinifundisha kumtazama mwimbaji mabegani, kwa sababu mabega ndiyo yanayosema pumzi imekwisha. Alipotusikia kwa mara ya kwanza alisikiliza hadi mwisho, akavua kofia, akauliza, "Kwani mnakimbizwa na nani?" Nilimweleza kuwa ndivyo wimbo unavyotakiwa kuwa. Akasema sawa, ila muziki wa namna hiyo utakuwa umeisha kufikia Krismasi. Alisema hivyo kila mwaka.

Jina la bendi hatukujipa. Mwanafunzi mmoja wa chuo, aliyekuja kumtembelea shangazi yake, alitusikia akasisimka, akasema muziki huu unajulikana ng'ambo na unaitwa pop pank. Majirani walisikia "pancha". Kufikia mwisho wa juma mtaa mzima ulikuwa unatuita watoto wa pancha, na tulipoandika jina hilo kwenye kibao nyuma ya nyumba, mtu alikuja akisukuma baiskeli yenye gurudumu bapa. Wanjala alimwimbia wimbo mmoja. Yule mtu alisikiliza kwa heshima, kisha akauliza kama pampu tunayo.

Onyesho letu la kwanza la nje lilikuwa Kiamaiko, mahali pa soko la mbuzi. Mwenye hoteli ya supu alikuwa anafungua mlango mpya, akataka kelele za kuita watu. Mimi nilitapika kabla ya kuanza. Nawaambia wazi ili yakiwapata msidhani mko peke yenu: nilitapika kabla ya kila onyesho, kutoka lile la kwanza mpaka lile la mwisho, na baada ya kila onyesho niliwauliza watu kama walisikia nilipokosea. Hakuna aliyewahi kusikia. Hilo halikunisaidia. Kiamaiko wateja walichukua supu zao wakahamia ng'ambo ya barabara. Mbuzi walibaki. Walisimama kimya, wametugeuzia nyuso, wakitafuna, mpaka wimbo wa mwisho. Wanjala alisema hiyo ndiyo hadhira yetu ya kwanza kutuvumilia. Musyoka akamkumbusha kwamba wamefungwa kamba.

Tuliendelea hivyo, huku na huku, mpaka mwaka ambao Wanjala alipoteza kibarua. Kiwanda kilipunguza watu, na yeye akawa anashinda nyumbani. Hapo mambo yakawa mazito. Mama Nafula alikuwa amelea watoto wawili peke yake, na kijana mkubwa anayekaa mchana kutwa akikaza nyuzi za besi hakuwa jambo la kumfurahisha. Alimwandikia kaka yake, Simiyu, aliyekuwa na shamba la miwa huko Bungoma. Wanjala alimwita khocha, yaani mjomba wake. Mjomba akajibu kuwa kijana aje, kazi ya kuswaga ng'ombe wa mikokoteni ya miwa ipo. Binti wa Mama Nafula, yule Nafula mwenyewe, alikuwa anaolewa Jumamosi fulani. Mjomba angekuja arusini, na akirudi angerudi na Wanjala.

Nitasema ukweli wangu. Musyoka alihuzunika kama rafiki. Mimi nilihuzunika kama mtu anayezama. Nilikuwa sijui kitu kingine duniani. Nilikuwa nimejifunza jambo moja, kwa kumtazama mtu mmoja mabegani, na mabega hayo yalikuwa yanapelekwa Bungoma kuswaga ng'ombe.

Wanjala alimwomba mama yake jambo moja. Tupewe nafasi ya wimbo mmoja arusini, mbele ya watu, mama asikilize vizuri, na akiona si kazi ya maana, ataondoka bila maneno. Mama Nafula alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho. Alisema, "Nitasikia."

Karamu ingekuwa mtaa wa Fedha, nyumbani kwa bwana arusi. Stivu alikuwa karani wa bima, mtu mpole, nyumba yake ina zulia. Alhamisi kabla ya arusi tulienda kuangalia pa kuweka vyombo na pa kuvuta stima. Sebuleni alikuwa na redio mpya, kubwa, ya kaseti mbili. Stivu alikuwa hajawahi kutusikia, akasema tumwekee hiyo kaseti maarufu ajue atakachowaambia wazazi wake. Musyoka aliitoa mfukoni, maana tulitembea nayo kama kitambulisho.

Redio ikaanza. Ikatoka sauti ya mwanamume mzima, nzito, ya mtu aliyekula akashiba na sasa anakumbuka mapenzi ya zamani. Gitaa lilikuwa safi kama maji ya kisima. Ngoma ilikuwa inakuja, inapumzika, inafikiri, kisha inakuja tena.

Stivu alifumba macho akaanza kuyumba. "Hii ni nzuri," akasema. "Hata nyanya yangu ataipenda."

Musyoka alikwenda nyuma ya redio kuangalia kama betri zimeisha. Ilikuwa kwenye stima. Wanjala alibaki katikati ya zulia, mdomo wazi. Miaka yote alikuwa amemchora kichwani yule kijana wa kwenye kaseti: mwembamba, rika lake, nywele timutimu, hana pesa. Aliniuliza polepole, "Huyu mzee ni nani?"

"Ni yeye," nikasema.

Tulimwomba Stivu atuazime kaseti ya kwaya ya kanisa lake, kwaya ambayo kila mtu Nairobi alikuwa anaifahamu. Tulirudi Makongeni, tukaitia kwenye redio ya Baba. Kwaya ikatoka kama vifaranga waliomwagiwa mtama, na tulipofungulia sauti mpaka mwisho, spika iliyoumia siku redio ilipoanguka ikaikwaruza. Baba alikuwa anapaka twiga rangi pale mlangoni. Musyoka akamuuliza kama alijua redio yake inakimbiza kaseti namna hiyo. Baba akasema alijua tangu siku ya kwanza. "Nilidhani nyinyi ndio mnapenda hivyo," akasema, akachovya brashi.

Sikulala. Miaka yote ile, mito niliyoiua, vifundo nilivyovifunga, nilikuwa nakimbizana na mota ya fundi. Ijumaa asubuhi niliwaita wenzangu kwenye kamba za nguo, nikawaambia kesho tutapiga kwa kasi inayotakiwa. Wanjala akanikumbusha kuwa arusi ni kesho na yeye mkoba wake uko tayari mlangoni.

"Ndiyo maana," nikamwambia. "Mama yako anataka kuona kazi ya maana. Hatuwezi kumwonyesha kitu ambacho tumejifunza kwa makosa."

"Mwende, acha presha," akasema. "Hiyo makosa ndiyo tunajua."

Lakini alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu humfuata anayesema kwa uhakika hata kama uhakika wenyewe unatetemeka. Akakubali. Musyoka alilegeza nyuzi, na twiga akanyoosha shingo kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Maneno ya "Maji Yamekatika" tukayapeleka kwa mwendo wa yule mzee wa kaseti.

Jumamosi hema lilikuwa limejaa. Upande mmoja walikaa watu wa Fedha, upande wa pili majirani zetu wa Makongeni waliokuja kwa ajili ya Nafula. Mbele kabisa alikaa Mama Nafula, gauni la zambarau, na pembeni yake mjomba Simiyu, mtu mkubwa wa mikono mikubwa, kofia juu ya goti. Nilitapika nyuma ya hema, nikasukutua, nikakaa kwenye ngoma. Mshereheshaji alitutaja. Nikaanza, polepole.

Wadogo zangu, nyinyi mnaocheza haraka, hamjui ukubwa wa nafasi iliyopo kati ya pigo moja na lingine. Niliona nzi akitua kwenye pilau, akanawa mikono, akaondoka, na bado zamu yangu haijafika. Wanjala aliishusha sauti kuitafuta ile nzito ya mzee, asiipate, ikatoka sauti ya mtu anayejibu akiwa kisimani. "Maji... yamekatika..." Ilikuwa kama tangazo la msiba wa maji. Musyoka, asiyejua la kufanya na mikono yake katikati ya mistari, alianza kupanga upya nyuzi wimbo ukiendelea. Watu wa Fedha waliinuka kistaarabu kwenda foleni ya chakula. Mshereheshaji alitazama saa. Mabega ya Wanjala yaliniambia pumzi imekwisha, na tulikuwa bado ubeti wa kwanza.

Mama Nafula akasimama. Nilijua ndiyo mwisho. Alipita kati ya viti mpaka tulipokuwa, na sote watatu tukaacha kupiga kabla hajafika. Alizungumza chini chini, ila maikrofoni ilikuwa wazi na hema zima lilisikia.

"Wanjala, wewe ni mgonjwa?"

"Hapana, Mama."

"Basi hii ni nini?"

"Ni wimbo, Mama. Ndivyo unavyotakiwa kuwa."

"Unatakiwa na nani?"

Wanjala alinitazama. Mimi nilitazama mifuniko yangu. Mama Nafula naye akanigeukia.

"Mwende, nimekaa na nyinyi kwa ukuta miaka yote. Ile yenu ya kukimbia ndiyo mimi hufulia nguo. Siku msipopiga, mashuka yangu hayatakati. Sasa nimeleta watu wangu kutoka Bungoma, nimewaambia wangoje wasikie, halafu mnanipigia hii ya wagonjwa?"

"Mama, ile ina makosa," nikasema.

"Hata hili gauni lina makosa, na nimelivaa," akasema. "Pigeni."

Akarudi kukaa.

Musyoka alikaza funguo pale pale. Twiga akainama. Nikainua vijiti, na mwili wangu, uliokuwa umeomboleza tangu Alhamisi, ukakumbuka kila kitu kwa wakati mmoja. Tukaondoka kama tulivyokuwa tukiondoka siku zote, kasi ya redio ya Baba, spika ikikwaruza, Wanjala shingo imemtoka. Kabla hajafika kwenye kiitikio, upande wa Makongeni ulimtangulia. Wanawake niliodhani wametuvumilia tu walikuwa wanayajua maneno yote, hata ubeti wa tatu ambao mimi mwenyewe huwa nausahau. Walikuwa wameyapata kupitia ukutani, wakifua, wakipika, wakichana watoto nywele. Nafula alivua viatu vya bibi arusi. Nyanya yake Stivu, yule aliyetakiwa kupenda ile ya polepole, alikuwa anapiga meza kwa kijiko, nje ya mdundo, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikutaka kumrekebisha mtu. Uzi ulikatika. Musyoka hata hakutazama.

Tulirudia wimbo ule mara mbili, kwa sababu hatukuachwa. Tulipomaliza, mtu mmoja wa upande wa Fedha, dereva wa lori aliyekuwa na jasho mpaka kwenye tai, alimshika Wanjala bega akamuuliza kama tunaweza kumpigia ndugu yake mwezi ujao, huko mtaa wa Kayole, na kama bei yetu ni ya wimbo au ya siku. Wanjala akanigeukia mimi, maana hakuna aliyewahi kutuuliza. Mama Nafula alikuwa karibu, anafunga nyama kwenye karatasi. Nilimtazama uso jioni yote nisome humo chochote, nikaambulia patupu.

Jumatatu asubuhi mimi na Musyoka tulikwenda mlangoni kwao kumuaga Wanjala. Hakuna aliyekuwa ametuambia kama anaenda au anabaki, na tuliogopa kuuliza. Mjomba alikuwa tayari nje, kofia kichwani. Wanjala akatoka na mkoba begani, macho chini.

Mama Nafula alitokea nyuma yake na ndoo. "Unaenda wapi na huo mkoba?"

"Si ninaenda na khocha."

"Na Kayole ataimba nani?"

Wanjala alisimama na mguu mmoja nje, mmoja ndani. Alimtazama mjomba wake, kwa kuwa yeye ndiye aliyesafiri kutoka Bungoma kwa ajili yake, na mtu wa namna hiyo haachwi hivi hivi. Mjomba alikohoa. Alionekana kama mtu ambaye amebeba jambo tangu Jumamosi na sasa ameonyeshwa pa kulitua.

"Dada, mimi nilikuwa natafuta tu namna ya kukuambia," akasema. "Huyu akiimba pale kwangu, ng'ombe wangu watafika Uganda."

Mama Nafula alicheka mpaka akaweka ndoo chini. Musyoka alinishika mkono, ule wa kulia, akaubana hata nikaumia. Wanjala alianza kurudi ndani, lakini mjomba akamwita, kwa upole kidogo, kwa sababu mkoba ulikuwa wa mjomba. Alikuwa amemwazima kwenye arusi nyingine ya mwaka uliopita na sasa alikuwa anautaka. Basi Wanjala akautoa begani, akaukung'uta pale pale kizingitini, mashati, suruali, soksi moja moja, kanzu ya kwaya aliyopewa utotoni, na sisi wawili tukainama kumsaidia kuokota kabla kuku hawajafika.

Mjomba aliukunja mkoba mtupu akauweka kwapani. "Krismasi uje kutusalimu," akamwambia. "Sauti uiache kwa mama yako."

Akaenda zake, akipita kati ya nyumba za reli kuelekea barabarani, na bendi nzima ikasimama mlangoni ikimpungia, kila mmoja na suruali ya Wanjala mkononi.